Kumi na Moja kwa Nusu Dakika

Jumamosi, 8 Machi 2025

Daftari hili nimepewa leo na Elifuraha, binti anayeshughulikia viungo vya wazee. Ndani amechora safu mbili kwa rula, moja ya tarehe na moja ya idadi. Kasema: "Mwalimu, kila siku ukae kwenye kiti, mikono kifuani, usimame na kukaa kwa nusu dakika, halafu uandike umefikisha ngapi. Idadi tu." Nimefundisha shule ya msingi miaka arobaini. Sijawahi kupewa daftari nikaandika idadi tu.

Basi niandike yaliyotokea. Elifuraha na wenzake walikuja kwenye ukumbi wa usharika kupima nguvu za wazee, tukajipanga kama watoto wa chanjo. Kwanza wanakupa chuma cha kubana kwa mkono. Mume wangu Lengai, ana miaka sabini na tisa, alikibana mpaka Elifuraha akamwomba arudie, akidhani chombo kimeharibika. Akarudia, ikawa vilevile. Alirudi kwenye benchi amevimba kichwa. Halafu ikaja zamu ya kiti. Akasimama mara saba, ya saba akiwa anatetemeka, akasema kiti ni kifupi mno. Kwa wanaume wa umri wake inatakiwa kumi na moja.

Mimi nikafikisha kumi. Nilijua nimefanya vizuri, nikawa nimeshaanza kuwatazama wenzangu. Elifuraha akaweka kidole kwenye karatasi yake. "Wanawake wa miaka sitini na tano mpaka sitini na tisa, kumi na moja. Uko chini kidogo tu, Mwalimu." Kaisema kwa upole, na ukumbi mzima ukasikia.

Silantoi, binti yetu wa kwanza, alikuwa amesimama pale mlangoni na funguo za gari mkononi. Hapo ndipo lilipo tatizo. Tangu mwezi uliopita anataka tuhame hapa juu ya Kisongo, tukakae kwake mjini, Njiro, na shamba likodishwe. Nikamwambia hapohapo, mbele ya watu: "Huyu binti atarudi mwishoni mwa Juni kupima tena. Nikifika mstari wa karatasi yake, tunabaki nyumbani kwetu, nisisikie tena habari ya Njiro. Nisipofika, uje na gari, tunapakia."

Akasema, "Mama, umesema mwenyewe." Nikasema ndiyo, nimesema mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Kumi.

Jumatatu, 10 Machi

Tisa. Kiti chetu cha mezani ni kirefu kuliko cha ukumbini, na bado tisa.

Ijumaa, 14 Machi

Vumbi. Mlima hauonekani kwa ukungu wa joto. Nimelima vipande viwili kabla ya jua kuwa kali, nikatulia, nikalima cha tatu. Zamani ningelima vitano bila kutulia, lakini zamani sikuwa na akili ya kutulia.

Niandike pia jinsi haya yote yalivyoanza, maana Silantoi anaongea kama vile nilidondoka kutoka juu ya paa. Februari nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Mzigo ulipokuwa tayari nilifanya kama ninavyofanya tangu utotoni: goti moja chini, mzigo juu ya paja, kutoka pajani begani, kichwa kinaingia chini yake, unasimama. Huko ndiko kujitwika. Wapo wanawake wengi wa rika langu ambao siku hizi lazima watwishwe, wanasimama njiani na mzigo wao wakisubiri mtu apite. Mimi sijawahi kumsubiri mtu. Siku hiyo goti la kushoto lilikataa katikati, nikaenda chini na majani yangu. Nililala pale nikitazama juu, nikahesabu mikono, nikahesabu miguu, nikaamka. Sikumwambia mtu. Siku nne baadaye Silantoi akapiga simu, anajua kila kitu, hata goti ni lipi.

Aliyemwambia ni Yona, mwinjilisti wetu. Ndiye pekee anayepita njia ile. Mtu wa Mungu, na mdomo hauna mlango.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imefika! Nimepanda maharage na mahindi, mashimo nimechimba mimi, mbegu ametupia Lengai akiwa amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza, anaisogeza hatua kwa hatua. Anasema kukaa huko ni mtindo wa kisasa. Kumi.

Jumapili, 30 Machi

Silantoi kaja baada ya ibada na picha kwenye simu. Chumba chetu cha Njiro kimeshapakwa rangi. Vigae, pazia, bafu lenye vyuma vya kushikia ukutani. Dirisha linaangalia ukuta, na juu ya ukuta kuna nyaya. Nikamuuliza nitakuwa nafanya nini mle ndani. Akasema, "Utapumzika, Mama." Nikamuuliza nitapumzika kutokana na nini. Akamtazama baba yake. Lengai alikuwa anazitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumamosi, 5 Aprili

Yona kapita, kanisalimia, nimemjibu nusu. Kumi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Kumi.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Kumi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Tisa. Goti.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo idadi isubiri.

Mchana mvua ilikuwa inamwagika tangu asubuhi, na maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye zizi. Nikamwambia Lengai nitakwenda kufungua mtaro. Nilipokuwa navaa buti akawa ameshatoka na jembe, maana bado anaona mtaro ni kazi ya mwanamume. Nilimsikia akianguka kabla sijamwona. Alikuwa amekaa kwenye tope, miguu imenyooka mbele, kati ya nguzo ya zizi na hori la ng'ombe, na ng'ombe anamtazama.

Nikamuuliza kama ameumia. Akasema hajaumia, ila hawezi kuinuka. Nikampitishia mikono kwapani nikavuta. Lengai amepungua lakini mifupa yake ni ya mtu mkubwa. Nikavuta tena, mgongo ukanionya. Akasema, "Kaite watu." Watu ni Yona, ng'ambo ya korongo, na korongo nilikuwa nalisikia linavyonguruma. Hakuna ambaye angevuka.

Basi nikakaa. Nilikaa kwenye tope pembeni yake, kwa sababu kusimama juu ya mtu aliyeanguka si heshima. Mvua ikatupiga wote wawili. Nikasema, "Kesho Yona akijua, Silantoi atajua keshokutwa."

Lengai akasema, "Si Yona."

"Si Yona nini?"

"Aliyempigia Silantoi mwezi wa pili ni mimi."

Sikuelewa kwanza. Nilikuwa nimemwacha nyumbani siku ile, amelala. Akasema hakuwa amelala. Alikuwa mlangoni, ameniona napiga goti, ameniona naenda chini. Akaanza kuja. Akafika kwenye mparachichi, hatua ishirini tu kutoka mlangoni, miguu ikakataa, akaushika mti. "Nikakuona umelala huko chini, husogei. Nikataka kuita, sauti haikutoka. Nikasema mke wangu amekufa, na mimi nimeshika mti." Nilipoinuka akageuka, akarudi mlangoni polepole, akakaa, ili nikirudi nimkute amekaa.

Nilikasirika. Nilitaka kumuuliza alinifichaje miezi miwili huku nikimnunia mtumishi wa kanisa. Halafu nikauona uso wake na maji yanavyoteremka juu yake, nikajua si mvua yote. Mwanamume huyu katika ujana wake aliwahi kumbeba ndama mgonjwa kutoka Monduli hadi hapa. Nilimhurumia, na kwa kuwa hapendi kuhurumiwa, nikamgombeza.

"Baba Silantoi, umekaa kwenye mbolea unalia. Mikono yako inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Shika nguzo."

Akaishika kwa mikono yote miwili. Mimi nikaenda nyuma yake, nikakaa mgongo kwa mgongo, nikaweka nyayo kwenye ukingo wa hori. Nikamwambia nikihesabu tatu avute, nami nisukume. Mara ya kwanza tuliteleza tukacheka. Mara ya pili nikasukuma kwa mapaja yangu yote, yeye akavuta kwa mikono ile iliyotaka kuvunja chombo cha Elifuraha, akapanda juu ya nguzo ile kidogo kidogo mpaka akasimama. Mimi nikabaki chini, nikiwa wa kuinuka sasa. Akanipa mkono mmoja, mwingine ukiwa nguzoni. Nikainuka.

Mtaro nimeufungua mimi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mwili mzima unauma. Hakuna kiti leo. Lengai kanipikia uji, una madonge, nimeumaliza wote.

Jumanne, 22 Aprili

Kumi. Nimemkuta Lengai chumbani, ameshika meza, anasimama na kukaa. Akajifanya anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua inapungua. Tulikuwa jikoni tunaota moto, mimi nimemaliza zoezi langu, kumi tena, nalalamika. Moja tu! Moja tu inanishinda tangu mwezi wa tatu. Lengai akasema, "Hicho kiti kinakuonea. Kwanza wewe si wa miaka sitini na tisa."

Nikamwambia asitanie.

"Sitanii. Mimi niliingia jandoni mwaka sitini na nne. Siku hiyo wewe ulipita kwetu unatoka kisimani, umejitwika debe limejaa. Nakumbuka, maana nilikutazama na baba akanikemea. Wewe kwa karatasi zako umezaliwa lini?"

"Hamsini na sita."

"Kwa hiyo ulikuwa na miaka minane. Wewe Mwalimu, umeshaona mtoto wa miaka minane anajitwika debe la maji?"

Nimefundisha Hesabu vizazi viwili. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1967. Toa hamsini na sita, inabaki kumi na moja. Nilikuwa na matiti, nilikuwa nimeshachumbiwa mara moja nikakataa, na kwa karatasi nilikuwa na miaka kumi na moja! Hesabu ya kutoa, ya darasa la pili, na sijawahi kuifanya maishani mwangu.

Nadhani najua ilivyotokea. Mwaka 1976 walipokuwa wanachukua vijana waliomaliza darasa la saba kuwafundisha ualimu, nilijaza fomu. Palikuwa na sehemu ya tarehe ya kuzaliwa. Nyumbani kwetu hapakuwa na karatasi yoyote isipokuwa cheti cha ubatizo, na juu yake tarehe moja tu. Nikainakili. Siku niliyozaliwa kwa maji nikaifanya siku niliyozaliwa na mama. Kuanzia hapo kila karatasi ikanakili karatasi iliyotangulia, nami nikazinakili zote kichwani.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda ofisi ya usharika. Kitabu cha zamani cha ubatizo anakitunza Yona. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno, maana huwezi kumnunia mtu miezi mitatu halafu ukamwomba kitabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Yona, nimekuja kukuomba radhi. Nimekuwa sikuitikii vizuri."

Akashangaa. "Mimi nilidhani ni macho, Mwalimu. Nikamwambia mke wangu, Mwalimu haoni tena vizuri, tumwombee."

Kumbe nimekuwa nikiombewa macho. Nikacheka mpaka nikashika meza yake. Nilimfikiria vibaya mtu aliyekuwa akiniombea, na aibu ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Kitabu kilikuwa kabatini chini ya mapazia ya Krismasi. Tukakifungua kwa pamoja, yeye akigeuza kurasa kwa ncha za vidole. Pasaka ya mwaka 1956, mstari wa nne: Nashipae, binti Sironka. Na mbele yake, katika safu ambayo cheti changu hakikuwa nayo, mchungaji wa wakati huo ameandika kwa mwandiko wa kulala: umri miaka 7.

Saba. Nimezaliwa 1949. Nina miaka sabini na sita.

Yona kaniandikia barua na kuigonga mhuri. Njiani kurudi nilitembea polepole. Nilistaafu nikiwa na sitini na saba nikidhani ni sitini. Miaka ile ya mwisho, nilipokuwa nikiwakimbiza watoto uwanjani na walimu wa arobaini wamekaa kivulini, nilikuwa najilaumu kwamba nachoka mapema. Nimejilaumu miaka yote hiyo bure. Nilisimama katikati ya njia nikasema kwa sauti, "Ulikuwa huchoki mapema, Nashipae." Mbuzi wa mtu wakanitazama.

Jumapili, 11 Mei

Kumi. Nimechungulia karatasi ya Elifuraha, ile nakala aliyoniachia. Wanawake wa sabini na tano mpaka sabini na tisa: kumi.

Lengai anasema, "Basi imekwisha. Mpigie Silantoi."

Haijaisha. Kwanza, nikimwambia Silantoi nina miaka sabini na sita, atakuja na lori leo hii. Pili, siku ile mimi nilimaanisha kumi na moja. Niliambiwa mbele ya ukumbi mzima kwamba niko chini kwa moja, na moja hiyo naitaka. Nitaifanya kwa miaka ya uongo, kisha ndiyo niwaonyeshe ya kweli, wakae wenyewe kwenye kile kiti kwa mshangao.

Lengai kasema mimi ni mkaidi. Nimemwambia amechelewa kugundua.

Jumatatu, 26 Mei

Kumi na moja! Nimerudia baada ya chai: tisa. Lakini nimeiona.

Jumapili, 1 Juni

Silantoi kaja. Kavimba miguu kwa kukaa ofisini. Kaniuliza kama Baba ameanguka tena. "Tena?" nikasema. Kumbe Lengai alimweleza habari za tope siku ileile. Nilikuwa tayari kugomba, lakini nikamtazama vizuri. Ana miaka arobaini na saba na chini ya macho pamekuwa peusi. Kaniambia kila simu ikilia saa za kazi anaangalia jina kwanza, moyo unasimama, ndipo anapokea. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba anataka kututawala. Leo nimeona ni woga tu, uleule wa baba yake.

Sikumwambia umri. Nilimpa maziwa.

Jumanne, 10 Juni

Baridi kali. Mlima umejitokeza wote leo. Kumi na moja. Lengai nane, hadharani, bila meza.

Alhamisi, 19 Juni

Tunang'oa maharage. Kumi.

Ijumaa, 20 Juni

Maharage. Nilikuwa naweka mzigo wa mashina pajani nijitwike, Lengai kutoka kwenye ndoo yake akasema, "Subiri." Akaja. Alichukua muda wake, nami nikasubiri, na kusubiri kwangu kulikuwa kazi kubwa kuliko mzigo. Akauinua kwa mikono yake akaniwekea kichwani. Ni mara ya kwanza kutwishwa tangu niwe mtu mzima. Nilitembea nao vizuri. Sikupenda, lakini nilitembea vizuri.

Jumatano, 25 Juni

Kumi na moja.

Alhamisi, 26 Juni

Kumi na moja.

Ijumaa, 27 Juni

Elifuraha aliniambia kabla ya kipimo nipumzike siku moja. Nimepumzika. Sijui watu wa Njiro wanavumiliaje.

Jumamosi, 28 Juni

Nimerudi, nimekunywa chai, nimevua viatu. Naandika kwa mpangilio.

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko mwezi wa tatu, habari zilikuwa zimeenea. Silantoi alikuja na gari, na nyuma niliona maboksi matupu. Barua ya Yona ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Lengai alitangulia. Nane. Alirudi akinyoosha vidole vinane kuelekea kwangu kama mshindi.

Nikakaa. Mikono kifuani. Elifuraha akabonyeza saa. Moja mpaka sita sikuzihisi. Ya saba, goti likasema neno. Ya nane, ya tisa, nikawa nasikia wanawake nyuma yangu wanahesabu kwa Kimaasai. Ya kumi nikaketi kwa kishindo, nikaanza kupanda kwa ya kumi na moja, nikawa katikati, hewani, mapaja yanawaka, na Elifuraha akasema, "Muda."

Elifuraha akaniambia kanuni iko hivi: ukiwa umepita nusu ya kusimama, inahesabiwa. Ukiwa hujapita, haihesabiwi. Lengai akasema kwa sauti kwamba nilikuwa nimepita. Silantoi akasema hakuona vizuri. Elifuraha akanitazama, ana huruma yule mtoto, akachukua kalamu. "Naona ulipita, Mwalimu. Niandike kumi na moja."

Nilijua alikuwa ananipa. Nimesahihisha madaftari miaka arobaini, naujua mkono unaotaka kutoa alama ya huruma, nimeuzuia wa kwangu mara nyingi. Nilikuwa sijapita. Nilikuwa naujua mwili wangu ulipokuwa.

"Usiandike," nikamwambia. "Ni kumi."

Silantoi akafumba macho. Nadhani alikuwa ameshinda na hakufurahi. Lengai akanipigia ukelele, "Mama Silantoi, toa hiyo barua!"

Nikaitoa. Nilitaka kuitoa nikiwa nimeshinda, nimeitoa nikiwa nahema, kifungo cha gauni kimefunguka. Nikampa Elifuraha. Akaisoma, akaisoma tena, kidole kikaondoka kwenye safu ya sitini na tano, kikapita ya sabini, kikatua ya sabini na tano.

"Mwalimu ana miaka sabini na sita," akasema. "Mstari ni kumi. Amefika."

Wanawake wakapiga vigelegele. Katikati ya kelele hiyo Silantoi akanijia, amechukua barua.

"Sabini na sita, Mama? Na umekuwa unalima nusu eka peke yako? Ndiyo kabisa basi! Leo hii mnahama."

"Ulikubali mstari. Hukusema mstari wa mwaka gani."

"Yeyo, usinifundishe hapa! Mimi ndiye nitakayepigiwa simu!"

Kaniita yeyo, mama kwa Kimaasai, kama alipokuwa mtoto. Ni Lengai aliyesimama. Alisimama bila kushika kitu, nikahesabu moja moyoni.

"Silantoi," akasema, "mimi ndiye niliyekuita mwezi wa pili. Niliogopa. Nilidhani mimi na mama yako tumekwisha, kwa sababu mimi siwezi tena nilichoweza, na yeye hawezi tena alichoweza. Lakini mimi nina mikono na yeye ana miguu, na kwenye lile shamba tunamtoa mtu mmoja mzima. Huko kwako nitakuwa na vyuma ukutani. Vile vyuma, mwanangu, vilete kwetu uvipigilie. Sisi tunabaki."

Silantoi alilia, akalia kweli, na mimi nikamshika. Alikuwa mzito, amechoka, mwili wa mtu ambaye hakuna anayempima. Nikamwambia nitabeba simu kwenye mfuko wa aproni kila niendapo, na majani nitayakata mafungu mawili badala ya moja. Sikuahidi kuacha kujitwika. Aliomba, nikakataa. Akasema basi nitwishwe Baba akiwepo. Hiyo nilikubali.

Maboksi yale tumejazia maharage yake.

Jumatano, 2 Julai

Fundi kaja na vyuma. Sijavishika bado, ila Lengai kaning'iniza taulo.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda mjini, ofisi ya vitambulisho, nikiwa na barua ya Yona na hati ya kiapo niliyoapa jana kwa wakili. Lengai aliniuliza nahangaika ya nini, kila anayenihusu ameshajua. Nilimwambia hayamhusu, kisha nikamwomba anisindikize.

Dirishani alikuwa kijana mmoja mwenye adabu. Alinisalimia shikamoo mara mbili. Akasoma barua, akasoma kiapo, akanitazama, akamtazama Lengai, akarudi kwenye barua.

"Bibi, samahani, nielewe vizuri. Wote wanaokuja dirisha hili kubadilisha umri wanataka kupunguza. Wengine wanatafuta kazi, wengine mpira. Wewe unataka kuongezewa miaka saba?"

"Siongezewi, mwanangu," nikamwambia. "Miaka saba hiyo nimeilima, nimeibeba kichwani, nimeisimamia darasani, na sifa yake amepewa mtu ambaye hayupo. Narudishiwa. Andika 1949."